Nani Anamsikiliza Dereva wa Wote?

Anayetaka kujua gari lipi ni gari na lipi ni bati lililotiwa rangi, asijisumbue na vijitabu vya wauzaji. Na aende kwenye kituo cha magari cha Wote, au cha Kitui mjini, au cha Emali pale barabara ya Makueni inapoachana na ile ya Mombasa, akae kitako nusu saa na kusikiliza. Atawakuta madereva, makanika, makondakta na wazee wasiokuwa na gari wala nauli, wote wakibishana juu ya springi, klachi na mafuta ya injini. Hoja zao zina dai, zina ushahidi, na zina hitimisho. Mambo ambayo mimi huwadai wanafunzi wangu muhula mzima na aghalabu nisiyapate.

Mada kuu ya mabishano hayo kwa miaka mingi sasa ni Toyota Probox. Gari hili lilizinduliwa Japani mwaka wa 2002 kwa ajili ya makampuni: kupeleka bidhaa dukani na kumpeleka karani kwa mteja katika barabara zilizonyooka kama rula. Huku Ukambani limepewa kazi nyingine. Linabeba magunia ya ndengu kutoka Mwingi na maembe kutoka Makueni, linabeba mitungi ya maji wakati wa kiangazi, mbuzi siku ya soko, na walimu wanaokimbizana na kengele ya asubuhi. Viti vyake ni vya watu watano pamoja na dereva. Kila msomaji wa sehemu hizi anajua idadi halisi, na anajua pia nani huketi kwenye buti. Jambo hilo silitetei hata kidogo, kwani ajali ikitokea huyo wa kwenye buti hana mkanda wala mlango. Lakini ni lazima tukiri kwamba limewafundisha madereva wetu kuhusu uwezo wa gari hili mambo ambayo huenda hata mhandisi aliyelibuni hayajui.

Sasa basi, mwaka wa 2014 kampuni ilibadilisha Probox. Gia za mkono zikaondolewa kabisa, na pia otomatiki ile ya zamani yenye gia nne. Badala yake ikaja giaboksi isiyokuwa na gia za kuhesabu, ambayo ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Kwa dereva wa Osaka mabadiliko hayo ni nafuu ya petroli na raha ya mguu wa kushoto. Vituoni mwetu yamezua upinzani mkali. Wanaoyapinga husema kwamba mkanda huo haupendi mzigo mzito kwenye mchanga wala mlima. Kwamba unadai mafuta ya aina yake pekee. Na kwamba ukiharibika fundi wa jua kali hana la kufanya ila kutafuta giaboksi nyingine nzima. Wanaoyatetea hujibu kwamba zama za vumbi zinapita, maadamu barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imetiwa lami, na kwenye lami gari jipya hunywa mafuta kidogo. Nikitakiwa kuamua, nawapa ushindi wa kwanza, kwa kuwa lami ni ya barabara kuu ilhali mzigo hutoka shambani.

Uamuzi wangu, hata hivyo, hauna uzito wowote, na wao pia wao hauna. Tazama tarehe. Sheria zetu, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000, haziruhusu gari kuukuu lililozidi miaka minane kuingizwa nchini. Gari lililoundwa Japani mwaka wa 2014 liliweza kuendelea kutufikia hadi mwanzoni mwa muongo huu. Ndiyo kusema kwamba gia za mkono zilikufa Japani mwaka ule, na dereva wa Wote akafikiwa na tanzia miaka kadhaa baadaye, alipotaka kununua akaambiwa hazipo tena. Angelalamika kwa nani? Aliyeliunda gari alikwisha kulipwa na mteja wa kwanza.

Lugha yenyewe inaonyesha hali hii. Neno gari tulilipata kutoka Bara Hindi, na Wakamba, ambao lugha yao haina sauti ya r, wakalifanya ngali. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa motokaa, na shehena vilevile. Breki, klachi na giaboksi zikaja na Waingereza, tukazilainisha zikakaa vizuri vinywani. Gari la siku hizi halingoji hata kulainishwa. Likiwashwa alfajiri pale Kitui humsemesha dereva kwa Kijapani, likimkumbusha kwamba hajatia kadi ya kulipia barabara kuu za huko. Madereva hulicheka, wakalizoea. Mimi kila nikilisikia husikia gari lisilojua liko wapi.

Haikosi msomaji atakayeuliza kwa nini basi tusiunde letu. Tulijaribu. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka wa 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani. Fedha za kuliunda kwa wingi hazikupatikana. Baadaye wakaja Mobius na gari lao lililokusudiwa barabara mbovu za Afrika, nao mwezi wa Agosti 2024 wakatangaza kufunga kampuni kwa sababu ya madeni na kodi, kabla ya kujitokeza mnunuzi. Viwanda vya Nairobi, Thika na Mombasa huunganisha zaidi malori, mabasi na pikapu, na gari jipya la namna hiyo si la mfuko wa mwalimu.

Wakati huohuo, Probox yenye injini ya petroli na mota ya umeme ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 2018, na yale ya mwanzo yamekwisha kutimiza umri wa kuvuka bahari. Vijana wanaosomea umakanika katika taasisi za ufundi za Kitui na Makueni ndio watakaoyafungua boneti. Ningependa kujua kama wamekwisha kufundishwa kuitenga betri ya nguvu nyingi kabla ya kugusa waya, maana kwenye vituo swali wanalouliza makanika ni jingine kabisa: betri hiyo ikifia kati ya Mutomo na Ikutha, nyingine itatoka wapi, na kwa bei gani?