Motokari za mbio: kwa nini kardani inavunjika pa kuondoka, na kwa nini sudire haiiponyeshi

Kila fundi wa garaji hapa Dilala anaijua sauti ya kardani iliyochoka: ka-ka-ka-ka, gari ikikata kona. Hiyo ni kardani inayokufa polepole, kwa vumbi na kwa kilomita. Lakini iko ingine inakufa kwa sekunde moja. Dereva anapandisha moteri, anaachilia ambreyaji ghafla, "pa!", moteri inanguruma peke yake na gari inabaki pale pale. Watu wengi wanafikiri gari ya mbio inavunjika juu ya mwendo mkali. Mara nyingi si hivyo. Inavunjika ikiwa bado haijatembea hata mita tano. Na namna piesi inavyotengenezwa kisha hapo njo inaamua kama dereva atarudi garaji kisha wiki mbili, ao kama chuma kitamtoka akiwa mu mwendo, katikati ya watu.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza: magari mawili sambamba, barabara iliyonyooka, wa kwanza kufika mbele ameshinda. Urefu wa kawaida ni robo ya maili, maana yake mita 402. Wamarekani njo walioupanga vizuri, kwanza kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, California, mwaka 1950, kisha Wally Parks akaanzisha shirika lao, NHRA, mwaka 1951. Huku Afrika ya Mashariki watu wanajua zaidi Safari Rally ya Kenya, na ni kupitia mashindano hayo vijana walipenda magari fulani. Tommi Mäkinen alishinda pale na Mitsubishi Lancer mwaka 1996 na tena 2001. Colin McRae alishinda na Subaru Impreza mwaka 1997. Ndugu zao wa barabarani, wenye volani ya mkono wa kuume, wanatoka Japani wakiwa ukasi, wanashuka Dar es Salaam, wanapita Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Gari inafika na miaka yake mgongoni. Mtu anaona turbo, haoni umri wa kardani.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii fundi na mwenye gari watagombana bure. Tuseme moteri inatoa nguvu ya kuzungusha ya Nm 200. Vitesi ya kwanza inaizidisha mara 3.5. Diferansieli inaizidisha tena mara 4. Jumla ni mara 14: kwenye magurudumu kunafika Nm 2,800. Ni kama kuchukua baa ya chuma ya mita moja na kuning'iniza kwenye ncha yake kilo 280 hivi, zaidi ya mifuko mitano ya simenti. Kwenye vitesi ya tano, moteri ile ile, kardani zile zile zinabeba mfuko mmoja na kidogo tu. Njo maana gari inaweza kukimbia toka Likasi mpaka Kolwezi bila shida, halafu ikavunjika kwenye kona ya nyumbani, dereva akitaka kuonyesha marafiki.

Na hesabu hiyo ni ya mtu anayeondoka kwa adabu. Nyuma ya moteri kuna sahani nzito ya chuma, volani ya moteri. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, imejaa nguvu kama jiwe linaloteremka mlima. Ukiachilia ambreyaji ghafla, nguvu ile yote inataka kutoka mara moja, juu ya ile ya moteri. Kardani haipokei tena mzigo, inapokea nyundo.

Kuna kitu kimoja kinachookoa piesi: mpira kuteleza. Mpira ni kama fizibu ya umeme. Ukishindwa kushika barabara, unazunguka bure, na nguvu haipandi zaidi. Lakini hapa kuna mtego wa wakati wa jua. Vumbi jekundu linalala pembeni ya gudroni. Gurudumu linaondoka likiteleza kwenye vumbi, linazunguka mbio sana, halafu ghafla linakuta gudroni safi na linashika. Linasimamishwa kwa nguvu, na lile pigo linarudi nyuma kupitia kardani mpaka ndani ya buati. Kuteleza peke yake hakuvunji. Kuteleza halafu kushika njo kunavunja. Na yule anayeweka mipira mipana ili gari "ishike vizuri" ametoa fizibu na kuweka waya. Kitu kingine kitaungua mahali pake.

Kitu gani? Inategemea gari. Ile inayovutwa na magurudumu ya mbele inavunja kardani, zaidi sana kama dereva ameondoka huku volani imekunjwa, kwa sababu kiungo kinabeba mzigo kikiwa kimepinda. Ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma inaumia kwenye diferansieli, ile wanaita ponti. Gurudumu moja likizunguka peke yake kwenye vumbi na lingine limesimama, meno madogo ya ndani yanakimbia mbio ambayo hayakutengenezewa; mafuta yanakimbia, chuma kinashikana na chuma. Ile yenye kuvuta magurudumu manne, kama Impreza, inashika kwa mipira yote minne. Haina pa kutelezea. Hapo ni buati yenyewe inalipa, na meno ya vitesi ya kwanza ao ya pili yanakatika. Buati za vitesi tano za Impreza za zamani zina sifa hiyo duniani kote. Si bahati mbaya ya Kolwezi.

Piesi iliyovunjika isitupwe haraka. Uso wa mvunjiko unasema. Kama wote ni mpya, una punje-punje za kung'aa, ao umejikunja kama nguo inayokamuliwa, basi ni pigo moja lililoumaliza. Kama sehemu moja ni laini na nyeusi, ina mistari kama ile ya mti uliokatwa, halafu sehemu ndogo tu ni mpya, basi ufa ulikuwa pale siku nyingi na ulikuwa unakula polepole. Tofauti hii ni pesa. Katika hali ya kwanza dereva abadilishe mguu wake. Katika hali ya pili, kardani ya upande wa pili, yenye umri ule ule, nayo iangaliwe kabla gari haijatoka.

Halafu inakuja swali la kila siku: "Fundi, hatuwezi kupiga sudire?" Jibu linategemea ni chuma gani. Fito ya kardani, ile nyembamba inayoenda kwenye gurudumu, imetengenezwa kiwandani kwa moto na kupozwa ghafla, ili ngozi yake iwe ngumu na moyo wake ubaki na uvumilivu. Sudire inaharibu mpango huo. Pembeni ya mshono kunabaki mkanda mmoja mgumu unaokatika kama kioo, na mwingine uliolegea. Kwa macho fito inaonekana nzima, pengine nene kuliko mwanzo. Itabeba gari mpaka nyumbani. Kuondoka kwa nguvu mara mbili, tatu, itakatika tena, karibu kabisa na mshono. Meno ya buati ni vile vile.

Lakini si kila sudire ni mbaya, na hapa mafundi wengine wanahukumiwa bila haki. Bomba refu linalotoka buati kwenda ponti ya nyuma lilisudiwa tangu kiwandani. Fundi mzuri anaweza kulikata na kulisudi tena, kwa masharti mawili: linyooke kabisa, na lisawazishwe uzito wake likizunguka. Lisiposawazishwa, gari itatetemeka ikifika mwendo fulani, na ule mtetemo utakula viungo na beringi.

Dawa nyingine inayopendwa ni turneri. Mji huu hauna upungufu wa mikono hiyo: ateliye za Gécamines, na za Union Minière kabla yake, zilifundisha watu kukereza chuma kwa vipimo vya nywele, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni waliondoka wakati wa mpango wa mwaka 2003. Turneri wa kweli anaweza kutoa fito nzuri sana. Ila kukereza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchagua chuma chenyewe na kukipitisha kwenye moto. Fito ya chuma cha kawaida, hata ikimetameta, itajikunja. Kipimo cha maskini kipo: pitisha tupa juu yake. Tupa ikiteleza, ngozi ni ngumu. Ikiuma na kutoa unga wa chuma, fito ile ni ya trela ya mkokoteni, si ya kardani.

Kwa wengi, basi, inabaki ukasi. Mtu apeleke piesi ya zamani mkononi, asitegemee jina la gari peke yake. Meno ya ncha zote mbili yahesabiwe, moja kwa moja. Urefu upimwe, kwa sababu kushoto na kuume mara nyingi si sawa. Kama gari ina freni za ABS, pete yake iwe pale. Sufle iliyopasuka si shida ndogo: nyuma yake grisi imechanganyika na vumbi, na vumbi la hapa linasaga kama msasa. Kwa buati, bulo ya kutolea mafuta inafunguliwa kwanza. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni uzee wa kawaida. Vipande ambavyo kidole kinaweza kuvishika, hapana.

Haya yote ni mfuko wa mwenye gari. Upande mwingine si wake peke yake. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions, California, buati ya gari ya Don Garlits ililipuka pa kuondoka. Vipande vilikata gari katikati na kuondoa sehemu ya mguu wake wa kuume. Mwaka uliofuata alirudi na gari mpya, moteri imewekwa nyuma ya dereva, na magari ya daraja lile yakabadilika kumfuata. Kwenye viwanja vya mashindano, magari yenye nguvu yanafunikwa ambreyaji na volani ya moteri kwa kengele nene ya chuma, ili sahani ikipasuka ibaki ndani, na watu wanasimamishwa mbali na mstari wa kuondokea. Gari ya barabarani haina kengele hiyo. Ina kifuniko cha aluminiamu na bati ya sakafu. Na barabarani, wanaokuja kuangalia wanapenda kusimama pembeni kabisa pa kuondokea, ambapo sauti inasikika vizuri, na njo upande ambao vipande vya sahani inayopasuka vinarukia.