Mgeni wa Kilima Marengi

Haya watoto, leo twende Mbozi. Ukitoka Tunduma, ukaacha nyuma mpaka wa Zambia na foleni ya malori ya shaba, unashika barabara kuu iendayo Mbeya. Ukishapita Vwawa kuna njia inayochepuka kwenda kijiji cha Ndolezi. Huko, kwenye mteremko wa Kilima Marengi, ndiko alikolala mgeni wetu: Kimondo cha Mbozi.

Kina urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Semi moja ya Tunduma ingekimudu vizuri tu. Kukipakia sasa, hapo ndipo penye kazi! Maana hilo si jiwe, ni chuma. Katika kila kilo 10 zake, kilo 9 ni chuma, na zilizobaki karibu zote ni nikeli. Jiwe la kawaida la ukubwa huohuo lisingefika hata nusu ya uzito huo.

Wanyiha wa hapo walikijua zamani, wakakiita kitwanga. Mwaka 1930 akapita mpima ardhi, W. H. Nott, na vitabu vikaandika kwamba yeye ndiye aliyekigundua. Mimi neno hilo huwa linanichekesha. Wakati huo mgongo tu ndio uliokuwa nje. Wakachimba handaki kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, wakaiimarisha kwa saruji. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa juu ya meza.

Mjanja mmoja ataniuliza: babu, kama kilianguka kutoka mbinguni, shimo liko wapi? Umeuliza la maana. Shimo halipo. Kilianguka miaka maelfu iliyopita, na mvua za Mbozi mnazijua: udongo wa mlimani uliporomoka taratibu hadi ukafukia kila alama. Hata wazee hawakurithi hadithi ya siku kilipotua. Hoba cha Namibia, kimondo kikubwa kuliko vyote vilivyopatikana duniani, tani 60 hivi, nacho hakina shimo.

Basi tumejuaje kwamba ni cha angani? Desemba 1930 mjiolojia D. R. Grantham alikata kipande kwa msumeno wa chuma. Kipande chenyewe kidogo, lakini kilimla saa nyingi! Chuma cha namna hii ukikisugua king'ae, kisha ukakimwagia tindikali, hutokeza mistari iliyopishana kama ukili wa mkeka. Mistari hiyo hujichora chuma kinapopoa polepole mno ndani ya tumbo la sayari ndogo ambayo baadaye ilivunjika. Hakuna fundi, hata awe na tanuri kali namna gani, anayeweza kuighushi.

Mkifika, kizungukeni mtafute mahali palipokatwa. Kukigusa, guseni. Misumeno acheni nyumbani.