Pepopunda na Safari za Protini Ndani ya Neva

Wakulima wa Lushoto wanaolima viazi, kabichi na karoti kwenye miteremko ya Usambara hushika udongo na samadi kila msimu. Humo, kama katika udongo wa sehemu nyingi duniani, hukaa spora za bakteria wa pepopunda, na kidonda kirefu cha jembe au mwiba huzipa nafasi ya kuamka. Ugonjwa huo hufunga taya, hupinda mgongo na kukata pumzi. Watu wengi hudhani nguvu yake yote imo katika ukali wa sumu. Mimi nashikilia kwamba madhara yake huamuliwa zaidi na mahali sumu inapofikishwa, na hilo hatuwezi kulielewa bila kujua jinsi seli ya neva inavyochambua protini zake na kuzipeleka panapostahili.

Protini nyingi za neva huundwa katika mwili wa seli, nje ya kiini chake, ilhali ncha ya neva inayoshuka mguuni inaweza kuwa umbali wa karibu mita moja. Protini hizo hupita kwenye Golgi, sehemu ya seli inayozichambua, hupakiwa, kisha mota ya molekuli iitwayo KIF1A huzikokota hadi nchani. Huko kuna vifuko vyenye upana wa nanomita 40 hivi, vilivyojaa kemikali za kupeleka ujumbe. Vipimo vya ubongo wa panya vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha kwamba kifuko kimoja hubeba takriban nakala 70 za sinaptobrevini, protini inayokiunganisha na utando wa seli ili kemikali zimwagike. Baada ya kumwagika, protini za kifuko hubaki kwenye utando, na lazima ziokotwe upya: protini saidizi AP180 huitambua sinaptobrevini, na nyingine, stonini 2, huitambua sinaptotagmini, ambayo pia ni protini ya kifuko. Bila uchambuzi huo, vifuko vipya vingekosa vifaa vya kazi.

Mwaka 1992, watafiti Giampietro Schiavo, Cesare Montecucco na wenzao walionyesha kwamba sumu ya pepopunda huikata sinaptobrevini. Sumu ya botulinamu aina ya B huikata protini hiyohiyo, tena katika nukta ileile. Hata hivyo, botulinamu hulegeza misuli, na pepopunda huikaza. Tofauti ni njia. Botulinamu hufanya kazi kwenye ncha inayogusa msuli, hivyo amri ya kukaza haifiki. Sumu ya pepopunda husafirishwa na neva yenyewe kurudi hadi uti wa mgongo, ikaingia katika seli zinazotuliza misuli na kuzinyamazisha. Msuli uliokosa mtulizaji hukazana bila kukoma.

Msomaji anaweza kuuliza: chanjo ilipatikana miaka ya 1920, kabla ya haya yote kujulikana, elimu hii inatuongezea nini? Inatueleza kwa nini kuchelewa ni hatari. Dawa ya kuzima sumu huikamata ile inayozunguka mwilini, lakini haiifuati iliyokwisha kuingia ndani ya neva. Ndiyo maana mgonjwa huhitaji wiki kadhaa: neva lazima iunde protini mpya, izisafirishe na kujenga upya miunganisho yake.

Wengine watasema pepopunda imekwisha, kwa kuwa mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuitokomeza kwa wajawazito na watoto wachanga. Ushindi huo ni mkubwa, lakini maana yake ni kwamba katika kila wilaya wagonjwa wachanga hawafiki mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Spora zingali udongoni, na wanaume hawapati zile dozi ambazo wanawake hupewa kliniki wakati wa ujauzito. Hata aliyepona hapati kinga, maana sumu inayoweza kuua ni kidogo mno kuuamsha mwili ujilinde. Mkulima wa kiume wa Usambara, kwa hiyo, ana haki ya kufikiwa na chanjo kabla hajajikata, kwani sumu ikishapanda njia ya neva hakuna dawa ya kuirudisha.