Wazimu katika ukoo si hukumu

KUANZIA Kirewa na Tororo hadi Busia, wazee wengi bado hupeleleza ukoo kabla ya kukubali posa. Wakisikia kwamba mjomba wa binti aliwahi kurukwa na akili, mazungumzo ya mahari husimama na jamaa nzima hunyoshewa vidole.

Je, sayansi inasemaje? Ni kweli maradhi ya akili huandama baadhi ya familia. Skizofrenia, ambayo humfanya mtu kusikia sauti zisizokuwepo na kushuku kila mtu, humpata takriban mmoja kati ya watu 100 maishani. Mzazi mmoja akiugua, uwezekano wa mtoto wake kuupata hupanda hadi karibu 10 kati ya 100. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili: watoto 90 hawaupati. Hata mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zile zile, mmoja akiugua mara nyingi mwenzake hubaki mzima.

Hakuna jeni moja ya wazimu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2022 ulipata sehemu 287 za jeni zinazohusiana na skizofrenia, na kila moja huchangia kidogo tu. Kwa kuwa Waafrika walikuwa wachache mno katika tafiti kama hizo, mradi wa NeuroGAP-Psychosis ulianza mwaka wa 2018 kukusanya mate ya watu wa Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini. Vyuo vikuu vya Makerere na Moi vimeshiriki.

Urithi ni mbegu, nayo mbegu hutaka udongo. Bangi nyingi ujanani, mateso ya utotoni na upweke wa ugenini huongeza hatari. Nchini Uingereza, tafiti zimeonyesha kwamba wahamiaji wenye asili ya Afrika na watoto wao huugua zaidi kuliko wenyeji. Hivyo, aliyerejea nyumbani akiwa amebadilika asidhaniwe mara moja kuwa amerogwa.

Akikosa usingizi, akijitenga au akizungumza peke yake, apelekwe hospitalini mapema. Mfanyabiashara anayetumia dawa naye ahakikishe amebeba za kutosha kabla ya kuvuka mpaka, kwani kuziacha ghafla kunaweza kurudisha ugonjwa.

Ulizeni historia ya ukoo, lakini si kwa ajili ya kuvunja posa. Ulizeni ili vijana waonywe kuhusu bangi, na atakayeugua atibiwe bila kuchelewa.