Gari Lisilo na Injini Lasimamishwaje?

Katika nchi za Ulaya na Amerika kuna mchezo ambao wengi wetu tumeuona katika sinema tu. Watu huketi wamefungwa mikanda katika vigari vidogo vya reli. Vigari vyapandishwa polepole juu ya kilima cha mbao au cha chuma, vyafika kileleni, halafu vyaporomoka kama jiwe, na waliomo hupiga kelele kwa hofu na furaha pamoja. Wafaransa huuita mchezo huo «Milima ya Kirusi», kwa kuwa Warusi ndio waliozoea kuteleza juu ya vilima vya barafu mjini Saint-Petersburg. Mwaka 1817 mji wa Paris ukapata vilima vyake vya mbao, na vigari vya magurudumu badala ya barafu.

Vijana watatuuliza kwanza juu ya mbio zake. Sisi twapenda kuuliza neno jingine: gari hilo lasimamishwaje? Maana kwa kawaida halina injini, wala usukani, wala dereva. Mnyororo walivuta mpaka juu, kisha lajiendea kwa uzito wake. Na wanafunzi wakumbuke hesabu hii: mbio zikiongezeka mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne.

Mwaka 1884 Mwamerika LaMarcus Thompson alijenga reli ya namna hii huko Coney Island, New York. Gari lake lilikwenda kilometa kama 10 kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka, na kilima cha mwisho kilitosha kumaliza mbio zake. Baadaye vilima viliongezwa kimo, ikabidi kumpandisha mtu ndani ya gari, mkononi ameshika wenzo wa breki, auvute kabla ya kila kona kali. Wala si habari ya kale tu. Katika bustani ya Tivoli mjini Copenhagen iko reli ya mwaka 1914, na katika Luna Park ya Melbourne iko nyingine ya mwaka 1912, na hata sasa kila gari lina mshika breki wake. Twakiri kwamba twamstahi mtu huyo.

Katika reli mpya breki hazimo garini, zimefungwa njiani. Chini ya gari huning'inia bamba refu la chuma. Gari lipitapo mahali pa breki, taya mbili zalibana bamba hilo kama vile mipira ya breki inavyobana ukingo wa gurudumu la baiskeli. Lakini angalieni akili ya mafundi. Hewa iliyoshindiliwa haitumiki kufunga taya, bali kuzifungua. Kinachozifunga ni springi ya chuma. Hewa ikivuja, au umeme ukikatika, hakuna kinachoizuia springi, na breki yashika yenyewe. Breki za kuegesha za kamiyo kubwa zina ufundi huohuo, na dereva ajua kwamba hewa ikiisha gari halitoki.

Kuna na breki ya pili, ambayo haigusi kitu. Wasomaji wetu wa Katanga waijua shaba kuliko wengine: wakiisogezea sumaku, haivutwi. Hata hivyo, bamba la shaba likipita kwa haraka kati ya sumaku mbili, umeme huzaliwa ndani yake, ukazunguka humo kama maji yazungukavyo penye kina cha mto. Umeme huo nao hufanya nguvu ya sumaku ipingayo mwendo. Mfaransa Léon Foucault aliyaonyesha hayo mwaka 1855. Mwanafunzi akipata bomba la shaba na kipande cha sumaku chenye nguvu, akidondoshe ndani: hakitaanguka kama jiwe, kitashuka polepole kana kwamba kimo ndani ya asali. Breki hiyo haihitaji umeme wa mji, wala hewa, wala mtu. Ila ina udhaifu mmoja. Gari likipunguza mwendo, nguvu ya breki nayo hupungua, na likisimama hakuna nguvu tena. Kwa hiyo taya za chuma bado zatakiwa ili kulishika kabisa.

Huko Jackson, katika jimbo la New Jersey, tangu 2005 hata 2024 palikuwa na reli iliyoitwa Kingda Ka, kilele chake mita 139, gari likirushwa kwa kilometa 206 kwa saa. Pengine gari lilikosa nguvu ya kuvuka kilele, likarudi nyuma kwa mbio. Breki za sumaku ziliinuka njiani mara tu gari lilipopita, zikalipokea likirudi.

Imebaki hatari moja, yaani gari kuligonga gari lenzake. Ili kuizuia, njia yote imegawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa gari moja tu. La mbele lisipotoka, mashini hulisimamisha la nyuma.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 2 Juni 2015 huko Alton Towers, Uingereza, katika reli iitwayo The Smiler. Gari tupu lilitumwa kujaribu njia, likashindwa kupanda, likakwama bondeni. Nyuma yake lilikuja gari lenye watu 16. Mashini ikalisimamisha juu ya kilima, kama ilivyopasa. Mafundi hawakujua habari ya gari lililokwama. Wakadhani mashini imekosea, wakaipita amri yake kwa mikono yao, wakaliachilia gari. Likashuka na kuligonga lile tupu. Watu watano waliumia vibaya, na wasichana wawili kati yao walikatwa mguu kila mmoja. Waliomo walikaa wamenaswa muda wa saa nne na zaidi kabla ya kuteremshwa wote.

Wakaguzi wa serikali walipochunguza, hawakuona kosa katika reli, wala katika magari, wala katika mashini inayoyatenga. Waliona kwamba mafundi hawakuwa wamepewa utaratibu ulio wazi wa kufuata gari linapokwama. Mwaka 2016 mahakama ikaitoza kampuni yenye reli hiyo faini ya pauni milioni 5.