Kamera: namna wadogo walivyowatangulia Canon na Nikon, na bei waliyolipa

Katika biashara ya kamera, lenzi ndiyo inayomfunga mnunuzi. Mpiga picha wa harusi wa Goma ao Bukavu mwenye lenzi tatu za Canon hawezi kuhamia kampuni ingine kwa sababu tu kamera yake ni bora kidogo. Lenzi zake haziingii kwenye mdomo wa kamera hiyo, na kununua zingine ni gharama kuliko kamera yenyewe. Nikon ilianza mdomo wake wa lenzi mwaka wa 1959, Canon ikaleta wa kwake mpya mwaka wa 1987. Kila lenzi iliyouzwa tangu hapo ilikuwa kama kufuli kwa wale waliokuja nyuma.

Olympus ya Japani ilijaribu kuikwepa kufuli hiyo kwa kubadilisha kipimo chenyewe. Mwaka wa 2003 ilitoa kamera E-1, iliyojengwa juu ya mfumo uliotengenezwa pamoja na Kodak ya Marekani. Kipande kinachopokea mwanga, kile kilichochukua nafasi ya filamu, kilikuwa na milimita 17.3 kwa 13, karibu robo ya eneo la filamu ya milimita 35. Mfumo ulikuwa wazi pia: kampuni yoyote iliyojiunga iliweza kutengeneza kamera ao lenzi, na vyote vikashikana.

Wazo lilikuwa zuri, matokeo hayakuwa makubwa. Ndani ya kamera bado kulikuwa na kioo cha kupeleka picha kwenye jicho la mpiga picha, na kioo hicho kilidai nafasi. Mnunuzi akapunguziwa mwanga bila kupunguziwa sana uzito wa mkoba.

Mwezi wa nane mwaka wa 2008, Olympus na Panasonic zikatangaza kwamba zinaondoa kioo. Umbali kati ya mdomo wa lenzi na kipande cha mwanga ukashuka karibu nusu, toka milimita 39 hivi hadi 19. Mwaka huo huo Panasonic ikatoa Lumix G1, na Olympus ikafuata na PEN E-P1 katikati ya mwaka wa 2009.

Canon na Nikon hazikukosa mainjinia wa kufanya hivyo. Zilikuwa zinauza vizuri kamera zenye kioo, na kamera ndogo iliyo bora ingekula soko lao wenyewe. Nikon ilipoingia mwaka wa 2011 ilichagua kipande kidogo kuliko hata kile cha Olympus. Canon ikaja mwaka wa 2012 na kamera iliyopewa lenzi chache. Ni vigumu kutoona hapo mtu anayefanya kazi kwa mkono mmoja. Nikon iliifunga familia hiyo ya kamera mwaka wa 2018.

Wadogo hawakuwa na shamba kubwa la kulinda, kwa hiyo walijaribu kila kitu. Panasonic iliegemea video: GH4 yake ya mwaka wa 2014 ilikuwa ya kwanza kati ya kamera za aina hii kurekodi video ya 4K. Blackmagic, inayotengeneza vifaa vya sinema, na DJI ya droni zikachukua mdomo ule ule wa lenzi. Fujifilm ilichagua njia yake: tangu mwaka wa 2012 kamera zenye kipande cha kadiri, kiisha mwaka wa 2017 zingine zenye kipande kikubwa kuliko filamu ya milimita 35, ikiruka kabisa uwanja wa katikati ambamo wakubwa wanapigana. Samsung ilikuwa na pesa kuliko wengi wao. Iliingia mwaka wa 2010 na mdomo wake peke yake, na baada ya miaka michache ikatoka.

Pigo lilitoka kwa Sony, iliyonunua biashara ya kamera ya Konica Minolta mwaka wa 2006. Mwaka wa 2013 Sony iliweka kipande kizima cha milimita 35 ndani ya kamera ndogo isiyo na kioo. Hapo udhaifu wa mfumo wa Olympus ukaonekana: kanisani ao kwenye ukumbi wenye taa hafifu, kipande kidogo hupokea mwanga kidogo na picha hujaa chembechembe. Mwaka wa 2018 Canon na Nikon nazo zikaingia kwa nguvu zote. Mwezi wa tisa wa mwaka huo, Panasonic ikaungana na Leica ya Ujerumani na Sigma kushirikiana mdomo mmoja kwa kamera za kipimo kizima, huku ikiendelea na ule mdogo.

Wakati huo simu zilikuwa zimekwisha kula soko. Kamera za dijitali zilizopelekwa sokoni na kampuni za Japani mwaka wa 2010 zilikuwa zaidi ya milioni 121. Mwaka wa 2020 hazikufika milioni 9. Baada ya miaka mitatu mfululizo ya hasara, Olympus iliuza biashara yake ya kamera, na tangu mwezi wa kwanza mwaka wa 2021 iko mikononi mwa OM Digital Solutions. Wateja wake wengi leo ni wapiga picha wa ndege na wanyama, kwani kwenye mfumo huo lenzi ya milimita 300 huleta karibu sawa na ya 600 kwenye kamera kubwa, na mtu anaweza kupanda nayo mlima.

Sigma, kampuni ya familia yenye kiwanda Aizu, inatengeneza lenzi za midomo ya wengi. Canon iliifungia mlango wa mdomo wake mpya hadi mwaka wa 2024, na ilipofungua, ilikuwa kwa lenzi za kamera zenye kipande kidogo tu.