Fahamu: Moyo wa mtoto unapozidiwa ghafla

Mtoto mchanga anayetoka jasho kichwani akinyonya, anayeachia titi kila mara ili apate kupumua, asidhaniwe tu ana nimonia. Huenda moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo na maji yanajaa mapafuni. Ini nalo huvimba. Ndiyo maana daktari humpapasa tumbo.

Hospitalini huinuliwa kichwa, hupewa oksijeni ikiwa imepungua, na furosemidi, dawa inayotoa maji kwa njia ya mkojo. Dripu ya haraka yaweza kumzidishia maji hayo, jambo linalosahaulika mno. Kisha hutafutwa chanzo: tundu la moyo la kuzaliwa nalo au, kwa watoto wakubwa, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huwafanyia watoto upasuaji.

Mzazi, ukiona dalili hizo, usisubiri kesho.